Swali la Bi Stahamili

Katika nchi ya Tawini, ambako hata kuku hujulikana nyanya yake, watu waliuliza kila jambo kwa kufuata njia, kutoka shinani hadi jani la mwisho: kutoka kwa fulani, kwa mwanawe wa pili, popote chini yake, yuko nani? Lakini Sultani Pendasafu, aliyechukizwa na kila kitu kilichopinda, aliamuru nasaba zote zikatwe vipande na kuandikwa katika majedwali, kila mtu na mstari wake, na kando ya jina lake jina la mama yake, basi. Majedwali yakajaza masanduku elfu, yakapendeza mno kutazamwa. Kuyauliza ndiko kulikokuwa msiba.

Kazi ya kufasiri maswali ya njia kwa lugha ya majedwali alikabidhiwa Mwalimu Nenokwaneno, mwanazuoni asiyeruka nukta. Alipokuta “popote chini yake” alifasiri “watoto wake”, kisha “watoto wa watoto wake”, na kwa kila kizazi makarani wakayafungua upya masanduku yote elfu. Kizazi kimoja kilikula miaka mitatu, naye akajisifu kwamba hajakosea hata herufi.

Bi Stahamili, bawabu mstaafu wa hamamu, bafu la umma la wanawake, alikuwa amengoja miaka tisa barazani pa Diwani, jumba la majedwali, akinywa uji wa mwanamke ambaye kila mtu alimwita Mama Uji. Gharika ilikuwa imeutawanya ukoo wake. Aliuliza jambo moja: popote chini ya Bibi Chimbuko, mzazi wa ukoo huo, nani yu hai zaidi yake? Kwa sheria ya Tawini, asiye na jamaa akifa huoshwa na watumishi wa Diwani na kuzikwa bila jina. Na swali lililotimiza miaka kumi huchanwa. Aliogopa sana, wala hakuficha. Akamwendea Kadhi Insafu, naye akamwita Nenokwaneno.

“Mwalimu, umefika wapi?” Kadhi akauliza.

“Kizazi cha tatu, Mheshimiwa. Haraka haraka haina baraka.”

“Na ngojangoja huumiza matumbo,” alisema Bi Stahamili. “Mheshimiwa, nimekaa mlangoni miaka thelathini. Mama huingia kwanza, wanawe wakamfuata, naye hutoka wa mwisho. Kila aliyeingia nilimpa namba, na kila aliyetoka nikampa inayofuata. Nikitaka kujua walio chini ya mama fulani, natazama walioingia baada yake wakatoka kabla yake. Sihitaji kuchungulia ndani. Nasaba nayo ipitiwe hivyo, mara moja tu: kila mtu apewe namba ya kuingia, na ya kutoka wazao wake wote wakishapita.”

“Hiyo si tafsiri!” Nenokwaneno akang’aka. “Katika ‘popote chini yake’ hamna namba.”

“Mna maana,” akajibu Kadhi.

Kuwapa watu namba kulichukua miezi saba. Kisha swali likaulizwa mara moja, na kabla ya adhuhuri ikaja mistari miwili ya walio hai: Stahamili mwenyewe, na Masazo, mpika uji, mkazi wa nyuma ya Diwani.

“Unamjua?” Kadhi akamuuliza Nenokwaneno.

“Hunipa uji kila asubuhi,” alisema polepole. “Sikuwahi kumuuliza jina.”

Masazo akaitwa, akaja akifuta mikono kwenye kanga. Alisomewa mistari ile, akasikiliza hadi mwisho, kisha akamtazama yule bibi ambaye yeye alimnywesha uji miaka tisa. Bi Stahamili alikuwa analia kwa sauti, bila haya.

“Mama mkubwa,” Masazo akasema, “leo hukuja barazani. Uji wako nimeufunika.”