Shemeji Yangu na Akaunti ya Uzeeni

Nahashon ni mume wa dada yangu Alice, na kwa miaka mingi ndiye aliyenijazia fomu za kodi. Wakenya kibao huku ughaibuni humpelekea makaratasi Jumamosi, wanakunywa chai, wanamwachia chochote, na hakuna anayeomba nakala. Utamwombaje shemeji nakala? Atasema umemwita mwizi nyumbani kwake.

Basi mimi mjinga nikamwamini. Kila mwaka niliweka pesa kwenye akaunti ya uzeeni, jasho la kuinua wagonjwa, zikiwa zimeshakatwa kodi kwa sababu mshahara wangu ulizidi kiwango cha kupata nafuu ya kodi. Kazi yake ilikuwa kuiarifu serikali kwamba hizo zimeshalipiwa kodi, ili nikizitoa nisitozwe tena. Hakuarifu hata mara moja! Mwaka jana nikatoa za kwanza ili niupumzishe huu mgongo, na zote zikatozwa kodi upya.

Nilimfuata nyumbani kwake, mjini Blaine, nikamkuta sebuleni na wateja wawili.

"Ni kitu kidogo, Kendi," akasema. "Mwaka huu tutaandika umetoa zile zilizolipiwa tu."

"Ala! Kwani ni za kuchagua? Nimemuuliza mhasibu mwenye leseni. Kila dola inayotoka huhesabiwa sehemu imelipiwa, sehemu bado. Anasema tunaweza kurekebisha nikipata makaratasi ya miaka yote. Benki ina ya juzijuzi tu. Ya zamani nilikuachia wewe. Yako wapi?"

"Tulitupa tulipohama Brooklyn Park. Na upunguze sauti, hapa ni kwangu."

"Sipunguzi! Nina miaka sitini na tatu. Nitainua watu vitandani mpaka nife?"

Mzee mmoja alichukua bahasha yake mezani, akasema amekumbuka ana miadi. Wa pili naye akachukua yake. Wakatoka wote, chai ikabaki vikombeni. Sikuwaonea haya, na yeye sikumwonea huruma.

Alice alikuwa amesimama mlango wa jikoni na chupa ya chai.

"Baba Brandon," akasema, "mimi niliweka pesa kama Kendi. Ijumaa niliacha kazi kwa sababu uliniambia zinatosha. Za kwangu uliiarifu serikali?"

Nahashon akamwambia wataongea wageni wakiondoka.

"Wageni wameondoka," dada yangu akasema.