Kinyozi wa Nta

Ifakara nzima ilikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kunyoa nta, na mtu huyo hakuacha siku ipite bila kuwakumbusha wenzake. Ildefonce alikuwa fundi redio mpaka watu walipoacha kuleta redio. Ndipo watu wa kanisa walipofagia stoo yao wakampa mashine ya kizamani yenye tarumbeta la bati na hendeli ubavuni, pamoja na silinda ishirini na tatu za nta ya kahawia, kila moja kama bilauri isiyo na kitako. Sauti hukaa juujuu ya nta, kwenye mikwaruzo myembamba kuliko unywele. Ukitaka kurekodi upya, unaizungusha silinda, unashusha kisu kidogo, unanyoa ngozi ya juu mpaka nta ing'ae. Sauti ya zamani inadondoka mezani ikiwa unga.

Kwaya zilitoka Mlimba kuja kujirekodi. Vijana walileta simu zao kuirekodi mashine inayorekodi. Wote wakamwita Kinyozi, naye akaanza kutembea taratibu, kama mtu mwenye shahada.

Bibi Agnella alitoka kijiji cha Mbingu na fimbo yake na kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo, katikati ya pamba, kulikuwa na silinda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Ndiye wewe unayefufua sauti?"

"Ndiye mimi," akajibu Ildefonce, wala hakuona aibu.

Bibi akaketi, akaeleza. Mama yake alifariki siku aliyomzaa yeye. Baba yake, mpiga kasia wa mto Kilombero, alikataza jina la nyumbani la marehemu lisitajwe tena, maana lilimuumiza. Mtoni alikuwa akiimba wimbo wa kasia, ubeti wa kwanza tu. Ubeti wa pili, wenye jina hilo, aliuimba mara moja maishani, mbele ya mashine ya padre mmoja, huku Agnella mdogo akiwa ameachwa nje ashike kasia. Padre akawapa silinda, akaondoka na mashine.

"Waliolijua jina hilo wote wamekwisha," alisema bibi. "Sasa kitukuu amezaliwa, wa kike. Anabatizwa Jumapili ya wiki ijayo. Nataka nimpe jina la mama yangu kabla sijafa. Basi."

Akamwimbia ubeti wa kwanza, kwa Kindamba, lugha ya baba yake, ili fundi aujue akiusikia. Ildefonce akaomba subira, kwa kuwa sindano ya kusikilizia ilikuwa imevunjika na nyingine ilikuwa njiani kutoka Dar. Akaiweka silinda juu ya rafu, imesimama kwenye pamba ya kopo lake lililo wazi, akaapa kuilinda kama mboni ya jicho.

Siku ya tatu walikuja wanakwaya watatu, na nyuma yao Deus, fundi wa mashine ya kukoboa mpunga, mtu asiyestaajabu kitu. Deus akatazama kisu kikinyoa silinda ya kwanza.

"Kumbe ni kukwangua tu," akasema. "Hata muhogo tunakwangua."

Wanakwaya wakacheka. Mtu mwenye akili angecheka nao. Ildefonce akapandwa na hasira, akatangaza kwamba kazi hii anaifanya hata akiwa amefumba macho.

"Haya, fumba," alisema Deus.

Akafumba. Akapapasa rafuni, akashika silinda, akaivisha kwenye mashine, akazungusha hendeli, akashusha kisu. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Unyoaji safi kama ule hakuwahi kuufanya tangu aanze kazi. Watu wakapiga makofi, Deus naye akapiga, na Ildefonce akainama kidogo kupokea heshima zake. Kisha akafumbua macho, akaona kopo la maziwa rafuni, na pamba bila kitu ndani.

Siku zilizofuata aliomba ile sindano ipotee njiani. Ikafika, tena mapema. Hapo ndipo alipopata wazo ambalo mpaka leo akilikumbuka anaona haya akiwa peke yake. Alijifungia na silinda ile ile aliyoinyoa, akakaza koo, akaimba ndani ya tarumbeta kwa sauti ya kizee. Ubeti wa kwanza alikuwa amefundishwa. Wa pili aliutunga kwa Kindamba chake cha sokoni. Alipofika kwenye jina ushujaa ulimwisha, akakohoa.

Bibi Agnella alisikiliza akiwa ameinamia fimbo.

"Rudia hapo penye jina."

Akarudia. Mashine ikakohoa.

"Rudia tena."

Ikakohoa tena.

"Masikio yangu yamezeeka, baba. Yako ni ya fundi. Hapo anasema jina gani?"

Jina lilikwisha kumjia ulimini, jina zuri tu, la shangazi yake. Angelitaja, bibi angekwenda zake Mbingu akifurahi, na mtoto mzima angebebeshwa uongo wa Kinyozi mpaka kaburini. Ildefonce akainua sindano.

"Bibi, huyo ni mimi. Baba yako nimemnyoa."

Akaeleza yote, macho aliyoyafumba na makofi aliyopigiwa. Aliona aibu mpaka akatamani kuingia ndani ya tarumbeta.

Bibi alilia, polepole, bila kujificha. Alipomaliza alifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Nilijua," alisema. "Baba yangu alikuwa Mndamba. Huyu wako anaimba kama Mpogoro aliyekabwa na mfupa. Nilikuwa nangoja unitajie jina. Ungelitaja, ningekuchapa fimbo hii."

"Nisamehe, bibi."

"Sijafika huko. Jinyoe humo. Na utazame."

Ildefonce akanyoa sauti yake mwenyewe, macho wazi, polepole kama mwanafunzi. Bibi akasogeza kinywa kwenye tarumbeta, akaimba ubeti wa kwanza wote. Sauti ilikuwa nyembamba lakini haikuyumba. Akaingia ubeti wa pili kwa kuvumisha lahani tu, kisha akaukatisha. Silinda ilikuwa bado inazunguka.

"Hapa palikuwa na jina la mama yangu," alisema ndani ya bati, kwa Kiswahili kilichonyooka. "Amelinyoa Ildefonce, fundi wa Ifakara, akiwa amefumba macho, kwa sababu watu walikuwa wanamtazama."

Nta ikafika mwisho. Ildefonce akasimamisha mashine, akasimama akiitazama sakafu.

"Mtoto ataitwa nani, bibi?"

"Atabaki na la ubatizo. Akikua nitamtuma kwako, umchezee hii, ajue kwa nini." Bibi akaketi sawasawa, fimbo mapajani. "Sasa ianzishe tena. Nataka nisikie kama jina lako limetoka vizuri."

Akaianzisha. Lilitoka vizuri kuliko kitu chochote alichowahi kurekodi.