Kamba ya Chaoba

Memthoi hakutaka kwenda. Alikwenda kwa sababu Yaima, mdogo wa mumewe, alikuwa ameshawaahidi watoto, na Yaima akishawaahidi watoto kitu, anayebaki kuonekana mbaya ni mama yao.

"Shemeji, wewe baki upumzike," alimwambia huku akiusukuma mtumbwi majini. "Hawa niachie mimi."

"Nikuachie wewe? Viatu vyako tu hujui viko wapi."

"Viatu vya nini ziwani?"

Watoto wakacheka, upande wa baba yao mdogo kama kawaida. Memthoi akapanda na kapu la wali, na kamba.

Kamba ilikuwa ya Chaoba, kitinda mimba wake wa miaka minne, mtoto ambaye miguu yake ilitangulia akili kila mahali. Majira ya baridi yote, walipokwenda kuvua juu ya phumdi, ile mikeka minene ya majani na mizizi inayotanda juu ya Ziwa Loktak, Memthoi alimfunga kiunoni. Ncha ya pili aliikaza kwenye mwanzi uliosimikwa katika tope la ziwa, pale ukingoni mwa phumdi wanapofunga mitumbwi. Chaoba aliweza kufika kwenye tundu la kuvulia, basi. Kamba ile haikuwahi kuleta shida, isipokuwa kelele.

Sasa mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha wiki nzima, na siku hiyo ndiyo kwanza zimepumzika. Walipofika, Yaima akafunga mtumbwi kwenye mwanzi, Memthoi akafunga mtoto papo hapo, akavuta fundo mara mbili, akaridhika.

Kuanzia hapo hakuna kilichokwenda vizuri. Yaima alilikata tundu kwa mundu, akalipanua, akasema samaki wako tele, hakuna hata mmoja aliyejitokeza. Linthoi, binti mkubwa, hakutaka kugusa nyungunyungu, akamtaka mdogo wake Nganba amtilie chambo. Nganba akakubali kwa sharti la kupewa ufito mzuri, wakagombana, ndoana ikanasa kwenye shati la Nganba mgongoni. Memthoi akaketi kuichomoa, jasho likimtiririka, huku mtoto akijipindapinda.

"Tulia. Ukisogea inaingia kwenye nyama."

"Mama," Chaoba aliita nyuma yake. "Kamba inanivuta."

"Haikuvuti. Wewe ndiye unayeivuta."

Yaima akacheka. "Shemeji, mfungulie huyo. Kwani ni mtoto au mbuzi?"

"Mbuzi anasikia."

Ndoana ikatoka na kipande cha shati. Mara Linthoi akalilia chakula, na kapu likawa limekaliwa na Nganba, eromba yote, kile kitoweo cha mboga na samaki, imebondeka ndani ya jani la mgomba. Memthoi alihisi upepo umeanza kuvuma kutoka milimani na akaufurahia, maana ulifukuza mbu. Hicho ndicho kitu pekee alichokifurahia asubuhi ile.

"Mama, inanivuta."

"Chaoba, ukisema tena neno hilo hutakuja huku mpaka uote ndevu."

Akanyamaza. Memthoi akagawa wali, akamwambia Linthoi ale kilichopo, akamwambia Yaima kwamba anayewaahidi watoto samaki angeanza kwa kujua samaki walipo. Yaima alikuwa anatazama nyuma ya Memthoi.

Memthoi akageuka. Chaoba alikuwa amekaa kitako, miguu mbele, anarudi kinyumenyume kwenye majani kuelekea ukingoni, kama anayeburutwa na mtu. Viganja vyake vilikuwa vimeshika nyasi, nyasi zinang'oka. Hakulia. Alikuwa anamtazama mama yake, kwa sababu alikwisha kukatazwa kusema.

Nyuma yake mwanzi ulikuwa mbali, na mtumbwi pamoja nao. Kwanza Memthoi alidhani mwanzi unakwenda. Kisha akaelewa. Wakati wa baridi phumdi hulala juu ya tope, haiendi kokote. Mvua zilikuwa zimeinyanyua, na upepo unaisukuma, wao na samaki wao wasiokuwepo na kapu. Mwanzi ulikuwa umesimama palepale alipouamini. Ziwa lilikuwa linamshika mtoto wake kwa fundo alilolikaza yeye mwenyewe.

Alimfikia mtoto ameshaingia majini mpaka kifuani. Akalala kifudifudi, akamkumbatia chini ya makwapa. Kamba ilikuwa imekaza kama waya, na fundo lililolowa halikusikia vidole.

"Mundu," alisema. Hakupiga kelele, hakuwa na pumzi ya kelele. "Yaima, mundu."

Linthoi ndiye aliyekuwa karibu na tundu. Aliuleta mundu, Yaima akaupokea, akakata. Phumdi yote ikatikisika, Chaoba akamwangukia mama yake kifuani, na hapo ndipo alipoanza kulia.

"Nilikwambia," alisema. "Nilikwambia inanivuta."

Yaima aliogelea kuufuata mtumbwi. Aliporudi alikuwa ameshapata utani wake. Kufikia jioni, kijiji kizima kilikuwa kinasimuliwa habari za shemeji aliyemfunga mtoto kwenye ziwa.

"Na wewe je, mvuvi?" Memthoi alimwuliza mbele za watu. "Uliufunga wapi mtumbwi?"

Wakacheka zaidi, na bado walimcheka yeye. Aliwaambia kina mama pale wanapoanikia samaki: mfunge mtoto kwenye kile anachokikanyaga, au kiunoni mwako, usimfunge kwenye kilichosimama pembeni yake. Na akisema anavutwa, tazama. Wakasema ndiyo, ndiyo, wakaendelea kugeuza samaki. Mmoja akamwuliza kama mbuzi wake naye amejifunza kuogelea.

Jumapili iliyofuata watoto walidai kwenda tena, na Yaima alikuwa ameshawaahidi. Memthoi alikwenda na kamba mpya, ncha moja kwa Chaoba, ncha ya pili kiunoni mwake. Hakuketi hata kidogo.

"Mama, unanivuta."

Aligeuka, akatazama. Mtoto alikuwa amekaa, anachezea jani.

"Mama, unanivuta."

Akageuka tena.