Yadi Saba za Corinna Leiker

Jumamosi saa mbili asubuhi, wanawake kumi na mmoja walipanga mstari kwenye uwanja wa shabaha, nyuma ya machimbo ya kokoto ya mji wa Odilia, Kansas. Kila mmoja alikuwa na donati mkono mmoja, na mkono wa pili fomu ya kusaini kwamba akijipiga risasi ya mguu, lawama ni yake. Upepo ulikuwa ule wa siku zote, kwa hiyo fomu tatu zilikuwa zimeshafika shamba la ngano la jirani.

Wa nne kwenye mstari alikuwa Corinna Leiker, miaka ishirini na minne, chuo kamaliza, karani wa mizani ya malori katika ushirika wa nafaka. Bastola aliazima ya mama yake, akaja nayo ndani ya kimfuko cha kubebea chakula cha mchana. Kilichomleta ni mkono wa Duane Rohr. Duane ndiye meneja wa ushirika. Kila asubuhi aliingia ofisini na kikombe cha kahawa mkono mmoja, na mkono wa pili, kwa kuwa haukuwa na kazi, aliutafutia kiuno cha Corinna. Hilo Corinna alilizoea kama mtu anavyozoea jino bovu. Ila wiki mbili zijazo mdogo wake Twyla, miaka kumi na minane, angeanza kazi ya msimu ghorofani, kwenye chumba cha kupimia sampuli, mlango kwa mlango na Duane. Hilo hakuwa tayari kulizoea.

Wa tano alikuwa Mama Alvina Wasinger, miaka sabini na mmoja, na bastola yake mwenyewe na mto wake wa kukalia.

"Mama Alvina, na wewe umefuata nini huku?"

"Donati. Kula yako, mwanangu, usinihoji."

Mkufunzi aliitwa Jo Beth Hatcher, askari magereza mstaafu, mfupi, sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya barabara.

"Kidole kinakaa wapi?"

"Nje ya kifyatulio!"

"Mpaka lini?"

"Mpaka tumeamua!"

Waliitikia kama litania, maana Odilia ni parokia nzima, na jambo la kuitikiwa kwa pamoja huwaingia haraka. Hadi jioni Corinna alishajua kwamba kila bunduki huhesabiwa ina risasi hata kama umezitoa mwenyewe, kwamba kiwiko kinaumiza kuliko ngumi, na kwamba sauti hutoka tumboni. Walipofanya zoezi la kupaza "Rudi nyuma!", ng'ombe arobaini wa shamba la pili walirudi nyuma mpaka kwenye uzio wa mbali, wakabaki hukohuko hadi Jumapili.

Jumapili baada ya Misa, Jo Beth alileta futi ya kamba na ile chokaa ya kuchorea uwanja wa besiboli.

"Mwenye kisu akiwa ndani ya yadi saba," alisema, "anakufikia kabla hujachomoa. Kwa hiyo bastola ni ya mwisho, mabibi. Ya kwanza ni nafasi." Akampimia kila mwanamke yadi saba kuanzia visigino vyake, akamzungushia duara. "Hizi ni zako. Asiyekutakia mema haingii. Nenda nazo nyumbani."

Wakaenda nazo. Corinna alipopiga hatua, duara liliinuka kutoka kokotoni likamfuata hadi kwenye gari. Chokaa ilidondoka njiani. Yadi zilibaki.

Risasi zake arobaini na sita kati ya hamsini zilikuwa zimeingia kifuani mwa mtu wa karatasi. Alimbandika mtu huyo wa karatasi kwenye friji, na mama yake akampigia simu shangazi wa Wichita, kisha jirani wa shangazi.

Jumatatu saa moja na nusu Duane aliingia ofisini na kahawa, akafika kwenye mtungi wa maji, akasimama. Alijaribu tena. Buti zilikanyaga palepale, kama mtu anayepanda ngazi ambayo haipo. Akatoka nje, akazunguka, akaingia kwa mlango wa nyuma, akasimama kwenye kabati la mafaili.

Mzee Hilarius Dome, mwenyekiti wa bodi, alikuwa ameleta lori lake kupima. "Umekwama, Duane?"

"Naona hivyo."

Hilarius alichomoa futi kiunoni, akapima kutoka buti la Duane hadi kiti cha Corinna. "Yadi saba kamili," alisema. Kisha akapita, akaegemea meza ya Corinna, akasaini risiti yake. Siku hiyo madereva ishirini na watatu waliifikia meza ile, wengine wakanunua na karanga. Aliyeshindwa alikuwa mmoja.

Bodi, wazee watatu, ilikutana Jumatano. Walimwita Corinna, wakamkaribisha kahawa.

"Binti yangu," alisema Mzee Hilarius, "mavuno ndiyo haya. Huwezi kuzipunguza kidogo? Zikawa hata nne?"

"Sikupewa za kupunguza, Mzee."

"Na mbona sisi tunapita?"

Corinna aliwaangalia. Wote watatu waliinamia vikombe vyao, maana jibu walikuwa nalo, na kila mmoja alitamani limtoke mwenzake. Halikumtoka mtu. Duane alikuwa meneja kwa miaka ishirini na mitano, na hakuna mwingine aliyejua kubishana na watu wa reli juu ya mabehewa.

Wanaume wa Odilia kila tatizo hulichomelea. Walichukua bomba la kuchukulia sampuli kwenye malori, wakalichomelea vipande viwili vya kulirefusha na koleo dogo la kubania mbele. Tangu siku hiyo Duane alimpa Corinna makaratasi kwa bomba lile, na Corinna aliyarudisha kwa bomba lilelile. Hilarius alilisifu. Alisema hata uzito wake umekaa vizuri mkononi.

Basi ikabaki Twyla.

"Usiende, mdogo wangu," Corinna alimwambia.

"Nikakae wapi, nyumbani nihesabu nzi? We unazo zako, dada. Mafunzo mengine ni Septemba."

Jumamosi iliyofuata Corinna aliingia ofisini peke yake na futi ya baba yao. Alipima urefu wa dari, akapanda ngazi, akapima chumba cha sampuli ukuta kwa ukuta, akafanya hesabu nyuma ya risiti. Yadi zilienda pande zote, na juu pia. Dari ilikula tatu. Aliisukuma meza yake ya mizani hadi chini kabisa ya kiti cha Twyla, na yadi zake zikapenya sakafu, zikajaa chumba cha juu chote isipokuwa kona moja yenye vigingi vya makoti. Kona ile ilimkalisha kwenye ngazi dakika kumi nzima. Kisha akampigia simu Mama Alvina.

"Kuna kona ghorofani, Mama, inahitaji mtu."

"Nitakuja na mto wangu."

Siku ya kwanza ya Twyla kazini akaja na mto na kitambaa chake cha kudarizi, akakaa chini ya makoti. Saa nne Duane alipanda ngazi kwa upande ule, akafika kwenye kizingiti, buti zikakwama. Alimtazama Mama Alvina. Mama Alvina alitunga uzi kwenye sindano.

"Mama Alvina," Twyla alinong'ona, "kumbe hata wewe?"

"Mwaka ule wa mvua kubwa ya mawe. Nilikuwa naandika barua zake." Akakata uzi kwa meno. "Nipitishie ile ya kijani, mwanangu."

Mavuno yalichukua siku kumi na tisa. Twyla alipima sampuli elfu moja na mia mbili, hakuguswa hata unywele, na aliimba ovyo muda wote, mpaka Corinna chini akazijua nyimbo zote na akaringa nazo. Bastola ya mama ilikaa kabatini, hakuna aliyeiulizia.

Sikukuu ya kushukuru mavuno ilifanyika kwenye ukumbi wa parokia, kwa mikate ya kabichi na nyama na supu ya maharage mabichi. Wanawake kumi na mmoja wa Jo Beth walitawanyika kwenye meza mbalimbali na wanaume wao. Duane alijaribu milango yote minne. Watu walitazama alikosimama, wakatazama ni nani yuko umbali gani, wakapiga hesabu kimyakimya, wakafika wanawake watano. Kisha wakaomba haradali ipitishwe. Duane akala kwenye pikapu yake, pale maegeshoni.

Baada ya keki, Mzee Hilarius alisoma hotuba ya miaka ishirini na mitano ya utumishi uliotukuka. Ngao ya mbao ilibanwa kwenye koleo, bomba likapitishwa dirishani, Duane akaipokea. Watu walipiga makofi. Corinna hakupiga, alikuwa na mkate mkononi.

Ndipo akamwona binti wa miaka kumi na saba akikatiza maegesho, nywele kazifunga vizuri, karatasi ya kuombea kazi ya msimu wa mtama mkononi. Binti alimfikia Duane bila shida yoyote, na Duane akashuka kwenye pikapu, akampa mkono, wa pili akauweka begani kwake.

Corinna alitoka nje. Hakukimbia, wala hakupaza sauti, na kidole chake kilikuwa nje ya kila kitu. Alitembea akitafuna. Alipofika yadi saba hakusimama, na Duane alianza kurudi nyuma, hatua kwa hatua yake, ngao kwapani, akiwa bado anatabasamu. Alipita pikapu. Alipita bango la parokia. Alivuka barabara ya lami kinyumenyume, na lori la ng'ombe likampisha.

"Jumatatu saa moja!" alimpazia sauti binti kutoka ng'ambo, kwenye mabua ya ngano. "Kazi umepata!"

"Asante, bosi!" binti akajibu.

Corinna alikuwa ameshasimama kando yake. "Unaitwa nani, mdogo wangu?"

"Odessa."

"Odessa, mafunzo ni Septemba, donati zipo." Alimaliza mkate, akajipangusa mkono kwenye sketi, akachomoa futi ya baba yake. "Sasa niambie. Wamekwambia utakaa chumba gani?"