Fidia ya Pua ya Bi Zeenat

Bi Zeenat alipozinduka baada ya upasuaji, aliuliza kwanza kama mumewe amekula. Yusufali akasema amekula. Kisha akasifu hospitali: safi kupita kiasi, haina hata harufu ya dawa, si kama zile za kwao Tanga ambako mtu anaanza kuumwa kichwa tangu getini. Yusufali akavuta pumzi. Chumba kizima kilinuka dawa. Akamfunika mkewe shuka vizuri.

Bi Zeenat alikuwa amekwenda kutolewa vinyama vilivyoota puani, jambo dogo, asubuhi unaingia na jioni unarudi kwako Unionville, pembezoni mwa Toronto. Daktari aliyemfanyia alikuwa bingwa, mwenye vyeti ukuta mzima. Siku hiyo bingwa alipita pale alipotakiwa kuishia, akakata hadi kwenye mishipa ya kunusia. Daktari mwingine, aliyemchunguza baadaye, alimweleza kwa upole kwamba mishipa ile haioti tena. Hatasikia harufu maisha yake yote. Ulimi utaendelea kujua chumvi na sukari kwa mbali, lakini ladha yenyewe imekwenda na pua.

Angekuwa mtu mwingine, pengine angelia siku kadhaa akazoea. Lakini huyu alikuwa Bi Zeenat. Tangu yeye na Yusufali wahamie Toronto na kufungua duka la mazulia, hapakuwa na harusi, Idi wala khitma katika jamaa zao wa Tanga na Dar waliohamia huko ambayo sufuria lake halikufika, kwa malipo au kwa thawabu. Watu walikuwa wakipanga tarehe ya harusi baada ya kumuuliza yeye kwanza kama ana nafasi. Aliweza kuketi sebuleni na wageni, akakatisha maneno katikati na kupaza sauti jikoni, "Epua vitunguu hivyo, sasa hivi!" na vitunguu vikakutwa vimefika rangi yake barabara.

"Mikono yangu inakumbuka," aliwaambia watu waliokuja kumpa pole. Akaendelea kupika. Na kwa kuwa kila alichoonja kilimjia kama maji, alikuwa akiongeza. Chumvi kidogo. Kisha nyingine. Kisha karafuu, maana karafuu angalau ilimchoma ulimi.

Kila alipopakua, alimwangalia Yusufali usoni.

"Kikoje?"

"Kitamu."

"Kama zamani?"

"Kama zamani, Mama Zahraa." Naye alikula sahani yake yote, akanywa maji bilauri mbili, akachukua funguo za gari na kusema anakwenda kutia mafuta.

Kilichomfanya Bi Zeenat aende kwa wakili hakikuwa chakula. Ilikuwa siku alipoachwa na mjukuu wake mchanga, sufuria likaungua jikoni na moshi ukajaa nyumba, naye amekaa chumba cha pili akimwimbia mtoto, hana habari. Kengele ya moshi ndiyo iliyomshtua. Alipotoka nje na mtoto kifuani, kwenye theluji, aliinama akaweka pua kwenye utosi wake, pale wanaponukia watoto wote. Hakupata kitu. Ni kama kunusa ukuta.

Wakili aliitwa Ariane. Alizaliwa Bukavu, akaletwa Toronto akiwa mdogo, na Kiswahili chake kilichanganyika na Kifaransa cha mama yake. Bi Zeenat alimpenda palepale kwa sababu alikuwa mwembamba na alionekana anahitaji kulishwa.

Kesi haikuwa ngumu upande wa kosa. Daktari, kupitia mawakili wake, alikiri kwamba alikata pasipotakiwa. Kilichobaki ni kiasi cha fidia, na hicho kingeamuliwa na watu sita wa kawaida, raia walioitwa kwa barua kuja kukaa mahakamani. Bi Zeenat aliwaita wazee wa baraza, kama wale wa mahakama za nyumbani, ingawa mmoja wao baadaye alionekana kuwa msichana mwenye nywele za buluu.

"Sasa Mama," Ariane akasema, kalamu mkononi, "niambie. Chakula yako imebadilika namna gani?"

"Hakijabadilika hata kidogo."

Ariane akaweka kalamu chini. "Mama, hapo iko problème. Kama unapika sawa na zamani, hawa watu sita watauliza, huyu mama amepoteza nini?"

"Waambie nimepoteza pua."

"Wanataka kuona hasara. Wewe ni mpishi. Kazi yako, jina yako, yote iko kwa pua. Nahitaji watu waseme chakula imeharibika."

"Hutawapata," akasema Bi Zeenat kwa fahari. "Waulize wote. Hutampata hata mmoja."

Na kweli, Ariane aliwapigia simu wengi, na wote walisifu. Mashallah, mkono ni uleule. Hata Bi Almas, rafiki yake wa tangu shule, aliyekuwa akisimamia jiko la imambara, ukumbi wao wa ibada, alikataa kabisa. "Yaani mimi nisimame mbele ya Wazungu nimseme mwenzangu? Niache nife kwanza."

Ariane akamwambia kwamba sawa, lakini akiitwa rasmi na mahakama itabidi aje, na akija ataapa kwa Msahafu. Bi Almas akauliza kama mtu anaweza kuapa kimoyomoyo.

Siku ya kesi Bi Zeenat alivaa koti lake jeusi la kwenda misibani, akawa wa kwanza kueleza yaliyompata, mpaka ule moshi na utosi wa mjukuu wake. Wakili wa daktari alikuwa bwana mrefu, mwenye sauti laini kama ya mtangazaji wa redio ya usiku. Alianza kwa kumpa pole. Kisha akawasomea wale sita ujumbe baada ya ujumbe kutoka kundi la simu la akina mama wa imambara, wote ulioandikwa baada ya upasuaji. *Pilau ya leo, peponi kwenyewe. Mikono ya dhahabu. Mola akuhifadhi, Zeenat, tumeramba sahani.* Akaonyesha na picha: sahani tupu, safi, zimepangana. Mama huyu, akasema, bila shaka ameumia. Lakini kipaji chake, tunashukuru, kipo palepale.

Bi Zeenat alikaa wima. Kwa mara ya kwanza tangu aingie humo ndani alijisikia yuko kwa watu wake.

"Yule bwana anasema kweli," akamnong'oneza Ariane.

"Mama, yule ni adui yetu."

"Adui, lakini mkweli."

Kisha akaitwa Yusufali. Aliapa, akakaa, akashika magoti. Ariane akamuuliza chakula cha mke wake kikoje siku hizi.

Yusufali alimtazama mkewe. Walipooana mkewe alikuwa na nywele nyeusi tele. "Ni chakula," akajibu.

"Kila jioni baada ya kula, unaenda wapi?"

"Kutia mafuta."

"Kila jioni?"

Jambo hili Yusufali mwenyewe alilitapika ofisini kwa Ariane, akamwomba lisiende mbele. Sasa lilikuwa limemkodolea macho. "Flemingdon Park," akasema kwa sauti ndogo, "kule kwenye majumba ya ghorofa, kuna mtu anachoma kebabu."

Msichana wa nywele za buluu akajiziba mdomo. Bi Zeenat hakucheka. Alikuwa akijiuliza ni jioni ngapi amekaa dirishani akisubiri taa za gari, akimhurumia mume wake kwa bei ya mafuta.

Bi Almas alikuja mchana, akamjibu Ariane kwamba pilau si ile ya zamani, na wakili wa daktari akamshukia kwa heshima zote. Akamsomea ujumbe wake mwenyewe, ule wa peponi.

"Uliandika wewe?"

"Niliandika."

"Basi ulikuwa unasema uongo?"

"Bwana wakili," akasema Bi Almas, "ulitaka niandike nini? Yule ni rafiki yangu, amekatwa pua. Niongeze na chumvi?"

"Lakini sahani ni tupu. Hii picha umepiga wewe. Watu walikula wakamaliza."

Hapo Bi Almas akaweka mkono juu ya Msahafu aliokuwa ameapia, kama mtu anayeshika ukingo wa kisima. Akasema pilau ya Zeenat, tangu ule upasuaji, hailiki. Sufuria likifika kutoka Unionville, wanafunga mlango wa jiko. Wali wanautupa, nyama wanaiosha. Yeye amekuwa akiamka alfajiri kila Idi kupika sufuria jingine kwake, analificha kwenye gari chini ya shuka. "Sahani hizo ni tupu, ndiyo. Lakini pilau iliyoliwa ni yangu mimi." Akageuka. "Zeenat, nisamehe."

Bi Zeenat alitazama mbele. Masikio yalikuwa yakiwaka. Kitu kimoja tu kilimzunguka kichwani, na alijua hakifai: kwamba Almas, mwanamke asiyejua hata kuloweka mchele, alikuwa amesifiwa na watu wote kwa jina la Zeenat, na hakuna aliyeona tofauti.

Kesho yake alifika mahakamani na kifurushi. Alikuwa amekaanga sambusa tangu alfajiri, kwa hasira, Yusufali akizunguka nje ya jiko asithubutu kuingia. Kabla ya kikao cha hotuba za mwisho alimkuta wakili wa daktari ukumbini, peke yake, akiandika.

"Wewe ndiye uliyesema kweli," akamwambia kwa Kiingereza chake cha dukani. "Tafadhali."

Yule bwana alisitasita. Alitazama huku na huku, kwa kuwa si desturi. Lakini mbele yake alisimama mama wa makamo na koti la misiba, amenyoosha sambusa kwenye karatasi, na yeye alilelewa vizuri. Akauma. Akatafuna. Kitu kikapita usoni pake, taratibu. Aliendelea kutafuna kwa muda ambao sambusa moja haihitaji, akameza, akatabasamu na macho yamelowa.

"Wonderful," akasema. Akauliza maji yako wapi.

Katika hotuba yake ya mwisho alizungumzia takwimu, na umri, na miaka ya kazi iliyobaki kwa mtu wa aina hiyo. Mapishi hakuyagusa. Bi Zeenat alisubiri mpaka mwisho asikie lile neno la kipaji, na bwana akakusanya karatasi zake akaketi.

Basi wale sita wakaenda kujadiliana, na Bi Zeenat akakaa kwenye benchi akiomba dua ambayo Ariane asingeifurahia. Aliomba wampe kidogo. Kidogo tu, cha heshima. Kila dola ingekuwa kijiko cha chumvi alichozidisha, na angetaka vijiko vichache.

Waliporudi walimpa karibu kila alichokuwa ameomba Ariane, na kwa kupotea kwa kazi yake wakampa zaidi ya alichoomba. Ariane alimkumbatia mpaka miwani ikapinda.

"Mama, umeshinda!"

"Nimeshinda nini? Watu sita wameketi wakakubaliana kwamba sijui kupika. Sasa jambo lina mhuri."

Walipokuwa wakisubiri lifti, yule msichana wa nywele za buluu alitokea, mkoba begani, kazi yake imekwisha. Aliona haya. Alisema haruhusiwi kueleza walivyojadiliana, na wala hataki. Anataka tu kumwambia kwamba mambo ya pilau aliyasahau mara tu walipofunga mlango. "Ni ile ya kichwa cha mtoto," akasema. "Pale nje, kwenye theluji." Akaingia kwenye lifti ya kwanza, mlango ukajifunga.

Hapo ndipo Bi Zeenat alipolia. Hakuwa amelia hospitalini, wala kwa wakili, wala alipomsikia Almas. Alilia amesimama, kwa sauti, na Yusufali akamshikia mkoba, hajui aushike kwa mkono gani.

Ingekuwa vizuri mambo yaishie hapo. Lakini uongo wa miaka ulipofunguliwa, ulikuwa kama bomba lililokatika. Hakuna aliyejua pa kulifungia. Bi Almas alikuja Unionville na matunda, wakalia pamoja, wakasameheana, wakanywa chai. Na Bi Almas, akiwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo, akasema, "Tena mwenzangu, kwa kuwa siku hizi tunaambizana kweli, biriani yako hata kabla ya upasuaji ilikuwa na mafuta mengi."

Bi Zeenat akaweka kikombe.

"Kabla?"

"Kidogo tu. Na ile mbaazi ya nazi."

Alipoondoka, Bi Zeenat alimgeukia mumewe, aliyekuwa amejificha nyuma ya gazeti. "Baba Zahraa. Mbaazi yangu ina nini?"

Yusufali alikuwa ameonja uhuru mahakamani na, kwa bahati mbaya, aliupenda. Akakunja gazeti. Akasema mbaazi ni sawa. Ila kuku wa nazi, tangu wako Tanga, tangu mwaka ule walipooana, amekuwa akiwekwa ndimu mno.

Simu ilimkuta Ariane akiwa kwenye kesi nyingine. Alimsikiliza Bi Zeenat mpaka mwisho, akajibana asicheke, akamweleza kwamba hapana Mama, kwa hiyo ya kuku wa nazi hakuna mahakama, hapa wala Kongo, na hata ingekuwepo muda umepita.

"Basi," akasema Bi Zeenat, "sheria yenu ni ndogo."

Siku tatu hakupika. Waliishi kwa mikate na mayai, na Yusufali hakuthubutu kutaja mafuta ya gari. Ya nne, Bi Zeenat alitoa kuku kwenye friji, akakuna nazi, akamwita mumewe jikoni, mahali ambapo hakuwahi kukaribishwa ila kubadilisha taa. Akampa kijiko.

"Simama hapo. Onja. Useme."

Yusufali akaonja. "Ni..."

"Usiniambie kitamu. Nitakupiga na mwiko."

Akafikiri, paji limekunjamana, mtu aliyeuza mazulia maisha yake yote akitafuta maneno ya mchuzi. "Imekaa kama imekasirika," akasema mwishowe. "Huku nyuma ya ulimi."

Bi Zeenat alisimama akilipima neno hilo. Kisha akamimina tui, kidogo, akakoroga, akamrudishia kijiko.