Majembe Saba Juu ya Meza

Watu sitini na watatu walimwambia Elieth "tuko pamoja", na yeye, binti wa Kigogo aliyezaliwa Bahi akasoma mpaka chuo kikuu, akawaamini wote. Kusoma hakumzuii mtu kuwa mjinga wa jambo moja.

Alikuwa ameunda kadi ya sauti, kitu cha ukubwa wa kiberiti kinachopachikwa juu ya zile kompyuta ndogo zinazoenea kiganjani, ambazo hazina hata tundu la kipaza sauti. Kwa kadi hiyo alirekodi ilimba ya babu yake, marimba ya Wagogo, ikatoka safi bila mkwaruzo. Kiwanda kilikubali kuzitengeneza, ila si chini ya hamsini. Ndipo akauliza kwenye kundi la wasapu la wapenda kompyuta wa Dodoma: nani anaitaka?

Haraka yake ilitokana na barua. Alikuwa amepata kazi ya ukarani wa takwimu Kongwa, na jibu lilitakiwa kabla ya saa kumi alasiri, Ijumaa. Kama hamsini wapo, angeikataa kazi abaki na kadi zake. Kama hawapo, basi kadi ndiyo imekufa.

Mzee Gerson, fundi redio wa mtaa wa Majengo aliyempa kona kwenye banda lake, aliposikia hesabu hiyo alicheka mpaka miwani ikamteleza.

"Adabu za watu zimekulevya, mwanangu. Mji huu nani atakwambia hapana? Bibi yako kule Bahi akiita watu kulima, alikuwa anahesabu nini?"

"Majembe," Elieth akasema, na aibu ikamshika. Kwao, aliyekubali kuja kulima alileta jembe lake jioni ya kuamkia siku hiyo, akaliegemeza mlangoni. Maneno ya mdomo hayakuhesabiwa.

Basi akaandika tena kundini: anayeitaka kadi aje Ijumaa aisikie, kisha aiache kompyuta yake wiki mbili, afungiwe moja ya kadi za kwanza aijaribu.

Ijumaa saa nne asubuhi banda lilijaa. Watu walisikiliza ilimba, wakatikisa vichwa kwa kusifu, wakapiga picha. Anthony, yule aliyekuwa wa kwanza kuandika "tuko pamoja", alifumba macho mpaka mwisho.

"Dada, hii ni moto," alisema. Kisha akakunja nyaya zake taratibu, akaitia kompyuta yake begini na kufunga zipu. "Nitakucheki."

Zipu nyingine zikafuata. Adhuhuri meza ilikuwa na kompyuta tatu. Saa nane, tano. Chai aliyoletewa ikapoa bila kuguswa. Saa tisa na nusu pikipiki ilisimama nje na Elieth akainuka, lakini abiria alikuwa amefuata uwele kwa muuza nafaka wa jirani. Meza ilikuwa na kompyuta saba, na ya saba ilikuwa ya Mzee Gerson mwenyewe.

Saa kumi kasoro dakika nane akapiga simu Kongwa.

"Nimeikubali kazi. Nitaripoti Jumatatu."

Akakata simu. Hapo alilia, tena bila kujificha, maana alikuwa amechoka kujikaza tangu asubuhi.

Alipomaliza alijifuta, akaichukua kompyuta ya mzee na kumnyooshea. "Chukua, mzee. Hamsini hawakufika."

Mzee Gerson akaweka mikono yake nyuma.

"Bibi yako akikuta majembe saba, aliyarudisha?"

Elieth aliukumbuka mwaka ule. Bibi alitegemea watu thelathini, akakuta majembe saba mlangoni. Hakumlaumu mtu. Aliwapikia saba, wakalima kipande kimoja cha shamba, na kipande hicho ndicho walichokula mwaka mzima.

"Hakurudisha," alisema.

"Basi na langu usinirudishie likiwa halina udongo."

Siku nzima Elieth alidhani yeye ndiye anayewapima watu. Kumbe wale saba nao walikuwa wameweka kitu mlangoni kwake, wakaondoka wakimwamini.

Akaandika kundini: "Zimeachwa kompyuta saba. Nitaziundia kadi saba kwa mkono wangu, huko Kongwa, nikitoka kazini. Asanteni."

Simu ikaanza kutetemeka juu ya meza. Anthony alikuwa wa kwanza: "Hongera sana dada, tuko pamoja!" Wa pili akafuata, na wa tatu, na kabla hajamaliza kuzipanga zile kompyuta juu ya khanga walikuwa wamefika arobaini na mmoja.

Elieth aliwasoma wote. Ilimuuma, kisha kicheko kikamtoka. Akazima simu, akautia mkono begini kuhakikisha chuma cha kulehemia nyaya kimo, na akaanza kuandika majina saba, moja juu ya kila kompyuta.