Nchi Isiyomwaga Matone ya Kwanza

Nalala nimekaa, mgongo kwenye gogo, mchana kweupe, mbele yangu pipa la chuma linachemka na mrija wa shaba unadondosha gongo kwenye chupa, tone, tone, tone. Adventina, jirani yangu na mwenzangu katika kazi hii, ameenda kuteka maji ya kupoozea mrija, na kabla hajaondoka ameniambia, Kokuhirwa, usilale, moto wa gongo hauna shemeji. Nimemjibu kwamba mimi silali, nafumba macho kwa adabu tu. Kacheka, kaenda zake. Sasa natazama matone, na tone moja linagoma kuanguka. Linaning'inia kwenye ncha ya mrija, linanenepa, linakuwa kubwa kama boga, kama kibanda, kama nyumba ya mtu mwenye nafasi, tena lina mlango, na mlango uko wazi. Maisha yamenifungia milango mingi usoni. Huu sijauomba na umefunguka wenyewe, basi naingia.

Ndani ni barabara. Inapanda vilima na kushuka, rangi yake kama asali mbichi, huku na huku mashamba ya shayiri yanainama pamoja kama waumini, na hakuna upepo. Mbele pana kibao: KARIBU NCHI YA WISKI, MAMBO YA KUFANYA UKIWA HAPA. Nakisogelea nisome hayo mambo, kibao kinasogea mbele. Naongeza mwendo, nacho kinaongeza. Nasimama, nakipa mgongo, najifanya naangalia mashamba, na kibao kinakuja chenyewe nyuma yangu kama kuku anayejua una mahindi. Kimeandikwa: Nusa. Tembea. Tazama. Onja. Sahau. Hilo la mwisho silipendi, nauliza kwa sauti nani kaliandika, na mtu anajibu, Sisi.

Ni mwenyeji wa wageni, kavaa kizibao safi na viatu vinavyong'aa, lakini juu ya kola hana uso. Hapana jicho, hapana pua, hapana mdomo, pamelainika kama yai lililomenywa. Sauti yake inatokea kifuani, kama redio iliyosahauliwa mfukoni. Mtu mwingine angekimbia. Mimi nimemwagiwa pombe yangu mbele ya watu, nimeachwa na waume wawili na wa pili kaondoka na godoro, sitishwi na kiumbe kisichoweza hata kupiga chafya. Namwambia, shikamoo, kama una masikio. Ananiambia, marahaba, umekuja kutembea au umekuja na shida? Namwambia vyote viwili, shida zangu zinapenda kutembea. Halafu neno linanitoka kabla sijalipima. Namwambia nimekuja kutafuta uso wa mama yangu.

Maana ndivyo ilivyo. Mama yangu, Ma Kokuberwa, alinifundisha kupika gongo, akafa msimu uliopita wa kukamata senene, na mwaka haujaisha uso wake umenitoka. Mikono yake naikumbuka, na lile jeraha la moto kwenye kidole gumba. Sauti yake naikumbuka, ilikuwa inaingia nyumbani kabla yake. Ila nikifumba macho nimwone, mahali pa uso pamekuwa laini. Picha yake aliyowahi kupigwa ni moja tu, na wamebaki nayo polisi tangu siku waliyokuja kumwaga pombe yetu.

Mwenyeji ananisikiliza, au kifua chake kinanisikiliza, kisha anasema, Kitendawili. Namwambia, Tega. Anasema, Nyumba yangu haina dirisha wala ufa, na kila mwaka mwizi anaingia, anakunywa bila mdomo, anatoka bila miguu. Namwambia huyo ni mume wangu wa pili. Hacheki, hana pa kuchekea. Anasema jibu liko mwisho wa safari, na mwisho wa safari uko hapa hapa, ila lazima tutembee kwanza. Tunatembea. Barabara inazunguka kilima, tunatokea pale pale tulipoanza, kilima kimehamia upande wa pili, tunazunguka tena.

Jambo la kwanza, Nusa. Ananiingiza kwenye ukumbi mrefu ambako shayiri iliyolowekwa imetandazwa sakafuni ichipue, na wageni, watu wazima wenye nyuso zao, wanaigeuza kwa makoleo ya mbao huku wakichekeana na kupigana picha. Kazi iliyonipinda mgongo miaka ishirini, hapa ni mchezo wa likizo. Namuuliza mwenyeji, na wewe unanusaje? Anasema, Sisi tunakumbuka kwamba tuliwahi kunusa. Jambo la pili, Tembea. Tunafika mji uliojengwa ukingoni mwa mto wa rangi ya chai, na chini ya maji upo mji mwingine kichwa chini, maduka yale yale, kengele zile zile, watu wale wale. Nampungia mkono mwanamke wa chini, lakini yeye alishanipungia kabla sijainua wangu. Nauliza, mji wenyewe ni upi kati ya hii miwili? Mwenyeji anasema, Ule unaoulewesha mwingine. Nikikanyaga daraja naona nimekwisha kuvuka, na mji ulioko nyuma yangu ndio ulioko mbele, na majina ya maduka yameandikwa kuanzia mwisho. Jambo la tatu, Tazama. Katikati ya uwanja imesimama sanamu ya mzee mwenye ndevu, mkono kiunoni. Huyu ndiye mwasisi, anasema mwenyeji. Nauliza, ndiye aliyekuwa anapika? Anasema, Alikuwa amesimama karibu. Nauliza, na aliyekuwa anapika yuko wapi? Kifua cha yule bwana kinakwaruza kama redio inayotafuta stesheni, halafu anasema, Huyo ndiye tunayekwenda kumwonja.

Nataka nimuulize maana yake nini, tayari tuko ndani ya ghala. Mapipa yamelala safu juu ya safu mpaka siyaoni mwisho, kila pipa na jina lake. Pana baridi, na harufu ya ndizi zilizoiva. Shayiri hainuki hivyo. Harufu hiyo naijua, ni ya ndizi tunazopikia gongo, imelala kwenye nguo zangu tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Naifuata, mwenyeji ananifuata, na kwenye safu ya chini, karibu na ukuta, nasoma KOKUBERWA. Mwenyeji anasema, Hili ndilo jibu. Nyumba isiyo na ufa ni pipa. Kila mwaka kiasi fulani kinapanda hewani, na kwenu vilevile, mvuke unaotoroka kwenye mitungi na mirija unapaa, na mvuke hauna pa kwenda ila huku. Mama yako alipika miaka arobaini. Alichokipoteza chote tumekiweka humu, sauti yake, hasira zake, uso wake. Namwambia, basi fungua nimwone. Anasema, Haonwi, ananyweka. Utakunywa glasi moja, uso wake utakupitia kooni, utaurambia midomo, na ukitoka hapa hutakuwa na huzuni tena. Nauliza, na yeye je? Anasema, Pipa lililonywewa linabaki pipa.

Nimewahi kupewa masharti mabaya, lakini haya yamevaa kizibao. Nikinywa, namwona mara moja tu na namaliza kila kilichobaki cha mama yangu. Nisiponywa, narudi na pale mahali palipolainika. Nageuka, naona hatuko peke yetu. Wageni wenzangu wamesimama kila mmoja mbele ya pipa la mtu wake, glasi mkononi, na nyuma ya kila mgeni yupo mwenyeji asiye na uso, mikono mgongoni, anasubiri. Wangu ananijazia glasi. Harufu ya mama inapanda mpaka machozini. Glasi naipokea. Halafu namrudishia. Namwambia, samahani bwana, kwetu anayemkaribisha mgeni pombe anaonja yeye kwanza. Ndiyo adabu. Mgeni hanywi kabla mwenyeji hajakunywa, la sivyo tutasema umetia kitu. Onja, nami nitakunywa.

Anaishika glasi, anaipandisha mpaka usawa wa pale ambapo mdomo ungekuwa, anaigusisha kwenye ile ngozi laini, pombe inamtiririkia kwenye kola. Anajaribu tena. Namwambia, taratibu, usijipalie. Mgeni aliyesimama kando yangu, mwanamume mnene aliyekuwa analia, anatazama hayo, anamgeukia mwenyeji wake na kumwambia, na wewe onja. Neno linasafiri safu kwa safu, onja, onja wewe, mbona huonji. Wenyeji wanasogeleana, vifua vinanong'onezana, kisha wangu ananiambia, sasa kwa sauti isiyo na upole, Pombe hii ni ya mama yako. Yeye ndiye mwenyeji wako. Mdomo anao. Anapiga pipa teke, kifuniko kinafunguka kama mlango na pombe haimwagiki.

Anatoka mama. Anatoka kinyumenyume, kitenge kimefungwa kiunoni, anatoka akilalamika, na kabla sijamwona namsikia. Anasema, Hirwa, nani kakwambia ulale na moto unawaka? Namwambia, mama, nimefumba macho tu. Anasema, huo uongo ulianza nao darasa la pili. Ndipo anageuka, na namwona. Namwona mzima. Mashavu yaliyobonyea, jino la mbele lililopanda mwenzake, jicho la kushoto dogo kidogo kuliko la kulia, lile ambalo lilikuwa linakupima. Na juu ya nyusi kovu refu, bado jekundu. Nauliza, mama, hilo kovu? Anasema, hili la huku huku. Walitaka kunilainisha kama wao, nikawaambia waje watatu, mmoja hatoshi. Mwenyeji anampa glasi na kumwambia, Onja, mkaribishe mwanao. Hapo naona mtego, kwa sababu mama akinywa nami sina kisingizio, atakuwa ametimiza adabu, na kukataa kikombe cha mama ni laana. Anapiga funda moja. Analiweka mdomoni. Ananitazama kwa lile jicho dogo, halafu analitema lote sakafuni na kufuta midomo kwa mgongo wa mkono. Haya ni matone ya kwanza, anasema. Yale yanayotoka pipa linapoanza kuchemka, yanayopofusha macho. Nilikufundisha kufanya nini nayo? Namwambia, kumwaga. Anasema, hawa hawamwagi kitu. Kila kinachotoka wanakiweka, wanakipa jina, wanakunywa. Watazame walivyofutika. Walikuwa wageni kama wewe.

Mwanamume mnene anaiachia glasi yake, inapasuka. Nyingine inapasuka, na nyingine. Mwenyeji wangu anasema, Ukimwaga, hutamwona tena huku. Namwambia, na nikinywa nitamwona wapi, kwenye haja ndogo? Mama anacheka, kile kicheko chake cha kushika ubavu, na namtazama anavyocheka, namtazama kwa makusudi, kama mtu anayekariri, jino, jicho, kovu, shavu. Kisha nainama, nang'oa kizibo cha pipa kwa meno na kucha, na pombe ya miaka arobaini inatoka ikivuma. Inapita miguuni mwetu, inavunja mlango, inashuka barabara ya asali, inaingia mtoni, mji wa juu na mji wa chini inatikisika na kuchanganyika. Mama analowa mpaka magotini, anakuwa mwepesi, anakuwa mvuke, na bado ananigombeza. Anasema, kidogo kidogo, Hirwa, unarusha matope. Namwambia, nenda mama, nenda popote wasipokuwa na mapipa. Wenyeji wananishika mikono. Nawaambia, njooni watatu.

Maji ya baridi yananipiga usoni. Ni Adventina, kasimama juu yangu na ndoo. Anasema, si nilikwambia usilale? Pipa limekauka, shaba imeungua, kazi yote imekwenda hewani. Natazama. Kweli imekwenda, na mahali pale pananuka ndizi. Namwambia, Adventina, nimemwona mama. Nimemwona uso, nikikutajia sasa hivi unaweza kuuchora. Namtajia mashavu, jino, jicho dogo, anatikisa kichwa ndiyo, ndiyo, ndiye. Namtajia kovu juu ya nyusi. Anaweka ndoo chini. Anasema, pole dada, hapo umeota mtu mwingine, mimi nimekaa na Ma Kokuberwa miaka thelathini, nimemwosha mwenyewe siku ya kuzikwa, hakuwa na kovu usoni. Namtazama Adventina, nyuma yake migomba yote imeinama upande mmoja na hakuna upepo.

Namwambia, alikuwa hana. Sasa analo.